Kelele za kazini zikikuharibia masikio: jinsi ya kudai fidia na kumwajibisha mwajiri

Mtu akikatwa kidole na msumeno kazini, hakuna atakayebisha kwamba kidole kilikuwapo asubuhi. Masikio hayana bahati hiyo. Usikivu hupungua kidogo kidogo kwa miaka, bila damu na mara nyingi bila maumivu. Siku mfanyakazi anapotambua kuwa watu wa nyumbani wamechoka kumrudia maneno, upande wa pili huwa na majibu tayari: ni uzee huo, ni muziki, ni kule ulikofanya kazi kabla ya kuja kwetu, na hata kama ni sisi, umechelewa.

Ndiyo maana madai haya hayagombaniwi sana kwenye swali la kama unasikia au husikii. Yanagombaniwa kwenye kiasi cha kelele uliyofanyia kazi, namna sikio lilivyoharibika, na tarehe. Tarehe hasa. Sheria zinatofautiana, na idadi kamili ya miezi au miaka utaisoma katika sheria ya fidia inayokuhusu, lakini mwenendo wa madai unafanana karibu kila mahali, na nitaufuata kwa mpangilio ambao mimi naona unamwokoa mdai.

Kabla ya yote: njia ni mbili, na moja huweza kufunga nyingine

Njia ya kwanza ni mfumo wa fidia kwa wafanyakazi. Hapa huna haja ya kuonyesha kwamba mwajiri alikosea. Unaonyesha kuwa ulikuwa mfanyakazi wake, kuwa usikivu umepungua, na kuwa kazi ndiyo iliyoupunguza. Anayelipa ni mfuko wa umma au bima ambayo mwajiri analazimika kuikata, na malipo hufuata jedwali. Shirika la Kazi Duniani, ILO, limeuweka upungufu wa usikivu unaosababishwa na kelele katika orodha yake ya magonjwa ya kazi, iliyoambatana na Pendekezo namba 194 la mwaka 2002 na kupitiwa upya mwaka 2010, na nchi nyingi zina orodha zinazofanana nayo. Faida ya ugonjwa kuwamo katika orodha ni kwamba, mahali pengi, ukishaonyesha kuwa kazi yako ilikuwa ya kelele, sheria huchukulia kwamba kazi ndiyo chanzo mpaka anayepinga alete ushahidi wake.

Njia ya pili ni kumshtaki mwajiri mahakamani kwa uzembe. Mzigo wa kuthibitisha ni mzito zaidi, lakini mahakama inaweza kukulipa kwa mambo ambayo jedwali la fidia haliyatazami: usumbufu, kupoteza raha ya maisha, mshahara ambao ungeupata siku za mbele.

Tatizo ni kwamba katika mifumo mingi hizi si njia mbili za kuchagua upendavyo. Mfanyakazi hupewa malipo ya uhakika bila kuthibitisha kosa, na kwa kubadilishana na hilo anapoteza haki ya kumshtaki mwajiri, isipokuwa pale mwajiri alipodhuru kwa makusudi au alipokosa kukata bima. Kwingine, kama Uingereza, mtu anaweza kupata mafao ya serikali na bado akaenda mahakamani. Kwa hiyo kabla ya kutia saini fomu yoyote, muulize wakili au chama cha wafanyakazi swali moja tu: nikipokea hii, ninazuiwa kudai nini?

Ipo pia njia ya pembeni ambayo wengi huisahau, nayo ni kumdai mtu wa tatu. Kama kilichokuangusha ni kifaa cha kukinga masikio kilichokuwa na kasoro, mtengenezaji anaweza kushtakiwa hata pale mwajiri asiposhtakika. Mwaka 2023 kampuni ya Marekani ya 3M ilikubali kulipa takriban dola bilioni 6 kumaliza mashauri ya wanajeshi waliodai kwamba vizibo vya masikio walivyopewa havikuwakinga.

Hatua ya 1: Pima masikio sasa, kisha utafute vipimo vya zamani

Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo au kwa mtaalamu wa usikivu, upimwe ndani ya chumba kisichoingiza sauti. Matokeo huchorwa kwenye chati inayoitwa odiogramu, inayoonyesha sauti ndogo kabisa unayoweza kuisikia katika masafa mbalimbali, yaani kutoka sauti nzito hadi nyembamba, kwa kawaida kuanzia hezi 250 hadi 8000. Sikio lililoumizwa na kelele huonyesha bonde: mstari unashuka kati ya hezi 3000 na 6000, mara nyingi kina kikiwa kwenye 4000, kisha unapanda tena kwenye 8000. Bonde hilo ndilo daktari, wakili na mtu wa bima wote wanalolitafuta.

Uzee peke yake hauchimbi bonde. Unauteremsha mstari kadiri masafa yanavyopanda. Lakini mtu aliyekaa kwenye kelele miaka mingi kisha akazeeka hupoteza bonde lake, kwa sababu 8000 nayo hushuka na mstari ukawa mteremko mtupu. Hapo karatasi ya miaka kumi iliyopita inakuwa na nguvu kuliko ya leo. Mwandikie mwajiri wa sasa, na wa zamani, uombe nakala za vipimo vyote vya usikivu ulivyowahi kufanyiwa, kikiwemo kile cha siku ya kuajiriwa. Akijibu kwamba hakuna kipimo kilichowahi kufanywa, litunze jibu hilo vizuri, utalihitaji baadaye.

Kabla ya kupimwa, pumzisha masikio. Kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, zinataka saa 14 bila kelele za kazini kabla ya kipimo cha mwanzo. Sikio lililotoka kwenye zamu huziba kwa muda na kurudi, na ukipimwa katika hali hiyo utakuwa umempa mpinzani hoja ya bure kwamba unachodai ni uchovu wa siku moja.

Na usijifanye kiziwi zaidi ya ulivyo. Naliandika waziwazi kwa sababu kishawishi kipo na kuna watu wanaokupa ushauri huo kwa nia njema. Wapimaji wana njia za kulinganisha: hurudia kipimo, hulinganisha mstari na uwezo wa kuelewa maneno, na wanaweza kupima namna neva na ubongo vinavyoitikia sauti bila wewe kubonyeza kitu chochote. Odiogramu ikionekana ya kughushi, hata ule upungufu wa kweli hauaminiki tena.

Mweleze mpimaji pia kama una mlio masikioni usiokoma, ule wa kama nyenje au filimbi. Katika mifumo mingi unaweza kuongezewa asilimia kwa ajili yake, lakini tu kama umeandikwa tangu mwanzo. Ukiibuka kwa mara ya kwanza kwenye barua ya wakili, utaonekana umetungwa.

Hatua ya 2: Mwarifu mwajiri kwa maandishi

Kumwambia msimamizi mkiwa kwenye chai hakutoshi. Barua iwe fupi, iwe na tarehe, na nakala yako igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea. Inaweza kusema hivi:

"Ninakuarifu kwamba tarehe fulani nimepimwa na kuambiwa kuwa usikivu wangu umepungua, na daktari anaona chanzo ni kelele. Nimefanya kazi katika idara fulani tangu mwaka fulani. Naomba jambo hili liandikwe katika daftari la ajali na magonjwa ya kazi, na taarifa ipelekwe kwa mamlaka ya fidia. Naomba pia nakala za vipimo vyangu vya usikivu na vya kelele vya idara hiyo."

Usiandike lawama wala kiasi cha fedha. Kazi ya barua hii ni kuonyesha kwamba ulitoa taarifa, na siku uliyoitoa, na kuweka kumbukumbu kwamba uliomba karatasi. Mwajiri asipopeleka taarifa, sheria nyingi za fidia humruhusu mfanyakazi kuipeleka mwenyewe. Usisubiri hisani.

Vibarua na wafanyakazi wa wakala husikia sana jibu la "wewe si mwajiriwa wetu". Kinachotazamwa si jina lililoandikwa kwenye mkataba pekee, bali ni nani alikupangia kazi, nani alikupa vifaa, nani alikusimamia na nani alikulipa. Hati za malipo, ujumbe wa simu wa kuitwa kazini, kitambulisho cha getini na jina lako kwenye orodha ya zamu vyote ni ushahidi.

Hatua ya 3: Zipange tarehe zako

Hapa ndipo madai mengi mazuri hufia, na mtu hafahamu mpaka anaposomewa hukumu.

Ajali ina siku yake. Upotevu wa usikivu unaokuja polepole hauna, kwa hiyo kila sheria imetafuta siku ya kuanzia kuhesabu. Baadhi huhesabu tangu siku uliyojua, au ulipopaswa kujua kwa mtu mwenye akili timamu, kwamba usikivu umepungua na kazi ndiyo sababu. Nyingine huhesabu tangu siku ya mwisho uliyofanya kazi kwenye kelele, nyingine tangu siku daktari alipothibitisha. Uingereza, shauri la uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu kujua. Mafao ya serikali ya uziwi wa kazini nchini humohumo yana masharti mengine kabisa: uwe umefanya kazi kwenye shughuli zilizotajwa kwa angalau miaka 10, upungufu ufike wastani wa desibeli 50 kwa kila sikio (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na udai ndani ya miaka 5 tangu kuacha kazi hiyo. Nchi moja, ugonjwa mmoja, saa mbili tofauti.

Kwa hiyo chukua karatasi uandike, kwa mkono wako, tarehe ulizozikumbuka: lini uliingia kila kazi na lini uliacha, lini ulianza kusikia mlio baada ya zamu, lini mtu wa kwanza alikuambia huelewi, lini ulipimwa, lini daktari alitamka neno kelele. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Ukimwambia daktari wa bima, kwa kujisahau, kwamba "mimi najua tangu miaka minane iliyopita masikio yaliharibiwa na mashine zile", umejifungia mlango. Sisemi udanganye. Nasema utofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kujua kwamba husikii vizuri ni kitu kimoja, na kujua kwamba chanzo ni kazi ni kitu kingine. Lijibu kila moja kwa tarehe yake ya kweli.

Kama umeshaacha kazi au umestaafu, usikate tamaa bila kuuliza. Lakini uliza wiki hii.

Hatua ya 4: Thibitisha kelele

Sikio hupimwa wakati wowote. Kelele ya mwaka ule haipimiki tena. Mashine zimeuzwa, jengo limebomolewa. Unatakiwa kuijenga upya kwa ushahidi.

Anza na vipimo rasmi. Waombe mwajiri au ofisi ya ukaguzi wa usalama kazini ripoti za upimaji wa kelele. Mkataba wa ILO namba 148 wa mwaka 1977 unahusu hasa hewa chafu, kelele na mitetemo mahali pa kazi, na nchi zilizouridhia zina wajibu wa kuweka viwango. Viwango vyenyewe havifanani. NIOSH, taasisi ya utafiti ya Marekani, inapendekeza desibeli 85 kwa zamu ya saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. OSHA ya Marekani hiyohiyo inaruhusu 90 kwa saa 8 na hukata muda nusu kwa kila desibeli 5, kiasi kwamba 100 inaruhusiwa saa 2. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 nazo zimeweka 90 kwa saa 8, na kilele kisichozidi 140. Uingereza, tangu kanuni za mwaka 2005, mwajiri anaanza kuwajibika kwenye 80, analazimika kuchukua hatua kali zaidi kwenye 85, na hapaswi kuvuka 87 baada ya kuhesabu kinga ya masikio.

Ukilisoma pengo la NIOSH na OSHA, utaona kitu kinachowasaidia wadai: mwajiri anaweza kuwa hajavunja kanuni na bado sikio likawa limeharibika. Katika mfumo wa fidia hilo halimwokoi, kwa kuwa hakuna anayeuliza kosa. Mahakamani linaweza kumsaidia, ingawa si lazima.

Kama hakuna ripoti, tumia watu na vitu. Andika mashine ulizozitumia, aina na idadi, umbali uliosimama, saa kwa siku, kuta za bati au za tofali, milango iliyofungwa. Tafuta wenzako watatu au wanne waliofanya kazi pale kipindi kilekile, waandike maelezo yao kila mmoja kwa maneno yake. Swali zuri la kuwauliza ni hili: ili mtu aliye mita 2 akusikie, ulilazimika kupaza sauti? Kama ndiyo, kelele ilikuwa karibu na desibeli 85. Kama hata kwa mita 1 ilibidi mpige kelele, ilikuwa karibu na 90. Hakimu analielewa hilo upesi kuliko jedwali la masafa. Kipimo cha programu ya simu kinakusaidia kujua kama kuna haja ya kumwita mtaalamu. Usikitegemee kama ushahidi peke yake.

Na usidhani kelele ni ya viwandani tu. Mpiga viola wa Royal Opera House ya London, aliyekaa mbele ya wapiga vyombo vya shaba kwenye mazoezi ya mwaka 2012, alishinda shauri lake mwaka 2018, na mahakama ya rufaa ikaiacha hukumu isimame mwaka 2019. Sauti nzuri nayo huumiza.

Hatua ya 5: Pata ripoti ya daktari inayojibu maswali

Cheti kinachosema "mgonjwa ana upungufu wa usikivu" hakifai kwa madai. Ripoti inatakiwa kueleza kwamba tatizo liko kwenye sikio la ndani na neva, si nta wala maji nyuma ya ngoma ya sikio. Kwamba limefika kikomo na halitarudi. Kwamba umbo la odiogramu linalingana na kelele. Na kwamba historia ya kazi, ambayo daktari ameisoma na kuitaja, inatosha kuleta madhara hayo. Kiwango cha uhakika kinachohitajika kwa kawaida si asilimia mia. Ni kwamba uwezekano kuwa kazi ilisababisha au ilichangia kwa kiasi cha maana ni mkubwa kuliko uwezekano kuwa haikuchangia. Mwambie daktari hivyo, maana madaktari wengi huogopa kuandika wakidhani wanaapa.

Mpe yote, hata yanayokuumiza. Uwindaji, muziki, ajali ya kichwa, maambukizi ya utotoni, dawa. Streptomycin, gentamicin na cisplatin zinajulikana kuumiza sikio, na yaliyomo kwenye faili lako la hospitali yatapatikana tu. Jambo lililotajwa na daktari wako na kuelezwa kwa nini halitoshi kueleza hali yako ni dogo. Jambo hilohilo likifichuliwa na wakili wa upande wa pili ni kubwa. Usisahau kemikali za kazini: toluini, stairini na risasi ya metali zinaweza kudhuru usikivu zenyewe au kuzidisha madhara ya kelele. Fundi rangi aliyefanya kazi kando ya kompresa ana madai mawili ndani ya moja.

Kuna alama mbili ambazo mpinzani atazitumia, basi daktari azitangulie. Madhara ya kelele kwa kawaida huwa sawasawa kwa masikio yote mawili, kwa hiyo upande mmoja ukiwa mbaya zaidi lazima sababu itafutwe, iwe ni mahali ulipokuwa unasimama au ugonjwa mwingine unaohitaji tiba ya haraka. Pia madhara haya hupanda kasi zaidi katika miaka 10 hadi 15 ya mwanzo, na hayaendelei kukua baada ya kuondoka kwenye kelele. Kama odiogramu imeshuka sana miaka kumi baada ya kustaafu, sehemu hiyo si ya mwajiri, na kuidai kunaiharibu sehemu iliyo yake.

Hatua ya 6: Ijue hesabu kabla hujafanyiwa

Kanuni inayotumika sana, ile ya Chama cha Madaktari cha Marekani, huchukua wastani wa sauti ndogo kabisa ambayo sikio linaisikia, kwa desibeli, kwenye hezi 500, 1000, 2000 na 3000, hutoa 25, kisha huzidisha kwa asilimia 1.5. Tuseme sikio la kulia lina 20, 30, 50 na 60. Wastani ni 40, ukitoa 25 inabaki 15, mara 1.5 ni asilimia 22.5. La kushoto lina 25, 35, 60 na 70. Wastani ni 47.5, inabaki 22.5, ambayo ni asilimia 33.75. Kwa masikio yote mawili, lililo bora huhesabiwa mara tano: 22.5 mara 5, jumlisha 33.75, gawanya kwa 6. Jibu ni takriban asilimia 24.4. Hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye jedwali la malipo.

Sasa angalia kilichoachwa nje: hezi 4000, mahali hasa ambapo kelele huanza kuuma. Mtu mwenye 10, 10, 20 na 45 ana wastani wa 21.25, chini ya 25. Asilimia yake ni sifuri, hata kama kwenye 4000 amefika 65 na haelewi kitu watu wakiongea wengi kwa pamoja, kwa sababu s, f, sh na th zinampotea huku vokali zikimfikia. Binafsi naona kanuni hii iliandikwa na watu waliokuwa wanawaza mazungumzo ya watu wawili ndani ya chumba kimya. Sheria nyingine huingiza 4000 au hata 6000, nyingine hukata kiasi fulani kwa kila mwaka wa umri, nyingine zina kiwango cha chini ambacho usipokifikia hupati kitu. Muulize anayekutathmini: mmetumia masafa yapi, mmeanzia kizingiti kipi, umri umekatwa kiasi gani? Kosa la hesabu ndilo kosa rahisi kulikata rufaa.

Ukipata sifuri leo, usiitupe ripoti. Itakuwa kipimo cha kulinganishia, na ni hoja ya kumtaka mwajiri akuondoe kwenye kelele au akukinge vizuri zaidi.

Hatua ya 7: Ukienda kwa njia ya uzembe

Hapa unathibitisha kwamba mwajiri alijua au alipaswa kujua hatari, kwamba hakufanya kinachotakiwa, na kwamba kutofanya huko ndiko kulikokudhuru.

Habari ya kujua ni ya zamani. Daktari wa Italia Bernardino Ramazzini aliandika mwanzoni mwa karne ya 18 kwamba wafua shaba huwa viziwi kwa nyundo zao. Hata hivyo mahakama hutaka kujua ni lini mwajiri wa kawaida asingeweza tena kujitetea kwamba hajui. Katika shauri la wafanyakazi wa kutengeneza meli la Thompson dhidi ya Smiths Shiprepairers, miaka ya 1980, mahakama ya Uingereza ilichukua mwaka 1963, wizara ya kazi ilipotoa mwongozo wa kelele kwa waajiri. Wafanyakazi walilipwa kwa usikivu uliopotea baada ya hapo, si kabla. Mgawanyo wa aina hiyo utakukuta hata leo, hasa ukiwa umepitia waajiri kadhaa: kwingine kila mmoja hulipa sehemu yake, kwingine wa mwisho aliyekuweka kwenye kelele hubeba yote. Kwa hiyo waorodheshe wote, hata waliofunga biashara. Kampuni inaweza kufa na bima yake ya wakati ule ikaendelea kudaiwa.

Utetezi utakaokutana nao mara nyingi zaidi ni huu: "tulimpa vizibo vya masikio". Ujibu kwa mpangilio. Vizibo ni hatua ya mwisho. Kwanza mwajiri alitakiwa kujaribu kubadilisha mashine, kuifunika, kuitenga, kupunguza saa. Je, alijaribu? Je, vizibo vilikuenea, ulifundishwa kuviweka, vilibadilishwa vilipochakaa? Je, msimamizi aliwahi kumsimamisha mtu asiyevaa, au yeye mwenyewe alipita bila kuvaa? Je, kazi ilikutaka usikie maelekezo, kiasi kwamba kila mtu alikuwa anavitoa?

Swali hilo la mwisho lina hesabu nyuma yake. Kwa kanuni ile ya NIOSH ya kukata muda nusu kwa kila desibeli 3, kizibo chenye uwezo wa desibeli 30 kikivaliwa nusu ya zamu tu hakikupi 15. Kinakupa kama 3. Nusu ya zamu uliyokaa wazi imekwisha kukuingizia kelele karibu yote ya siku. Mwajiri anayejua kwamba kazi yake haiwezekani bila watu kuvitoa hawezi kujificha nyuma ya boksi la vizibo lililopo stoo.

Saini yako kwenye karatasi ya kupokea vifaa si mwisho wa kesi, lakini kama kweli ulipewa vizuri na ukakataa kuvaa kwa ukaidi, tegemea fidia kupunguzwa.

Hatua ya 8: Kabla ya kutia saini mapatano

Ofa ya kwanza huja na kalamu. Chukua karatasi nyumbani.

Angalia kama malipo ni ya mkupuo au ya kila mwezi, na kama unaruhusiwa kutathminiwa tena usikivu ukipungua wakati ungali kazini kwenye kelele ileile. Angalia shimesikio, yaani vifaa vya kusaidia kusikia: vifaa hivi havidumu maisha, hutaka betri na matengenezo, na hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mapatano yanayokulipia seti moja tu yanakuachia wewe gharama zote zinazofuata. Soma kifungu cha kuachia madai. Kikisema unaachia madai yote "yanayojulikana na yasiyojulikana", omba kiwekewe mpaka: madai ya usikivu kwa kipindi hiki tu, ili mgongo, mapafu au mitetemo ya mikono visiingie humo kimyakimya. Uliza pia nani anamlipa wakili na kwa asilimia gani, kabla na si baada.

Mahali pengi sheria inakataza kumfukuza au kumshusha cheo mfanyakazi kwa sababu amedai. Ikitokea, hilo ni dai jipya lenye muda wake, kwa kawaida mfupi kuliko la fidia, na linaanza kuhesabiwa siku unayopokea barua. Ukinyimwa fidia, soma sababu iliyoandikwa na ujibu hiyo tu. Kama wamesema hakuna ushahidi wa kelele, usipeleke odiogramu nyingine; peleka maelezo ya wenzako na orodha ya mashine. Kama wamesema umechelewa, peleka karatasi yako ya tarehe pamoja na kadi ya hospitali inayoonyesha siku daktari alipokuambia kwa mara ya kwanza. Na rufaa iwe na muhuri wa kupokelewa kabla ya siku ya mwisho, hata kama vielelezo vingine vitafuata.